Kidole Gumba cha Mama Nakala

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Nakala atazima kompyuta yake, atavaa sweta lake la kijani na kutoka katika Ofisi ya Kumbukumbu za Vizazi baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa amezihesabu mwenyewe. Kitengo cha utumishi kiliandika nane, akawarudishia barua yao ikiwa na duara jekundu.

Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni fundi wa kompyuta wa meza ya tatu kutoka dirishani, aandike kurasa chache za heshima zisizo na utani mwingi. Kurasa ndizo hizi. Heshima imo. Kuhusu utani, kamati ituwie radhi, maana ukimwandika Mama Nakala bila utani utakuwa umemwandika mtu mwingine kabisa.

Jina lake halisi limechapwa kwenye kadi ya mwaliko. Wengi wetu tulilisoma humo kwa mara ya kwanza, na mlinzi wa getini aliuliza kama kuna mtu mwingine naye anastaafu siku hiyohiyo.

Aliajiriwa akiwa karani wa kuchapa, kaunta namba mbili, enzi zile kompyuta zilikuwa na skrini nyeusi zenye maandishi ya kijani na ofisi nzima ilikuwa nazo tatu. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya mama aliyebeba kichanga, kumwuliza maswali kumi na mawili, na kuchapa majibu huku kichanga kikilia. Baada ya miaka sita ya vilio alipelekwa kozi, akarudi akiwa mtunza hifadhidata, yaani mlinzi wa lile ghala la majedwali ambamo kila mtoto aliyeandikishwa ana mstari wake. Hapo amekaa hadi leo. Ameona wakurugenzi saba wakija na kuondoka. Wanne kati yao aliwafundisha kuwasha printa, na mmoja hakuwahi kuelewa.

Jina la Nakala amelipata kwa haki. Ana funguo jozi mbili, miwani miwili na miavuli miwili ya rangi moja. Barua pepe anaichapa kwenye karatasi, kisha karatasi hiyo anaitoa fotokopi. Mumewe, fundi cherehani mpole ambaye leo ameketi safu ya mbele, anasimulia kwamba kabla ya harusi aliagizwa ashone magauni mawili yanayofanana kila kifungo, na moja likawekwa sandukuni kungoja la kwanza liharibike. Halikuharibika. Mwaka uliofuata walipata watoto, wakaja mapacha, na hapo hatusemi kitu.

Hatutaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama Nakala ana makosa yake. Haazimi stepla. Anazima feni watu wakiwa bado wanatoka jasho. Anajua kusema hapana kwa njia kumi na moja, tisa kati ya hizo bila kufungua mdomo. Na ukimkimbilia na habari njema yoyote, umefaulu mtihani, umepata mchumba, swali lake la kwanza ni kama una nakala.

Aliyeonja adha hiyo kuliko wote ni mwandishi wa wasifu huu. Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, Mama Nakala alimletea mezani kipande cha keki na fomu tupu ya kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Alisema kile cha zamani lazima kimechakaa, achukue kipya, si kazi kubwa, ajaze tu mwanangu. Miaka tisa, fomu tisa. Keki ililiwa, na fomu zilitumika kuwekea vikombe vya chai visichafue meza.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe, maana mwezi wa tatu mwaka huu mama huyu alisimamisha kazi ya ofisi nzima kwa ajili ya herufi moja isiyoonekana.

Ofisi yetu ina programu tunayoiita hazina. Humo ndimo zilimo picha za vyeti vyote na fomu zote, milioni moja na laki nne na ushee. Lakini hazina yenyewe haikumbuki kitu. Habari zake zote, nani ni nani na picha yake iko wapi, inaziweka katika hifadhidata iliyo chini yake. Ile ya zamani tuliiita Babu, naye alitutumikia vizuri kwa uzee wake. Mwaka jana watengenezaji wake wakatuandikia kwamba ikifika mwisho wa Juni hawatamhudumia tena, awe ameugua au amekata roho. Ikabidi hazina ihamie kwenye hifadhidata nyingine, ya watengenezaji wengine. Hiyo tuliiita Mkwe, kwa sababu ilikuja nyumbani na tabia zake na ikabidi sote tukae kwa adabu.

Asiyewahi kufanya kazi hii hudhani ni kunakili na kubandika. Ni kama kubadilisha miguu ya kitanda mgonjwa akiwa amelala juu yake. Babu aliandika tarehe akianza na siku, Mkwe anaanza na mwaka. Babu hakujali herufi kubwa wala ndogo, Mkwe anajali, na ukimkosea hakwambii, ananyamaza tu. Babu ukimwachia sehemu tupu hakuuliza. Mkwe anataka kujua ni tupu kwa sababu hakuna kitu, au ni tupu kwa sababu hakuna anayejua.

Wakaletwa washauri wawili kuandika programu ya kukaa katikati, ya kutafsiri maneno ya hazina ili Mkwe ayaelewe na majibu ya Mkwe ili hazina iyaelewe. Tuliiita mkalimani. Kiongozi wa washauri alikuwa na viatu vyenye ncha vilivyolia kwe kwe kwe tangu mwanzo wa korido, kwa hiyo alipewa jina la Viatu kabla hajafika mlangoni. Tuseme haki, alikuwa mtu mwenye akili na adabu. Kasoro yake ilikuwa kwamba alipenda usafi kupita kiasi, na Mama Nakala alipomsikia akilisema neno hilo kwenye kikao cha kwanza, alimwangalia kwa namna ambayo wakati ule hatukuielewa.

Ofisi hii ina sheria moja kali kuhusu majaribio, nayo ni kwamba hufungui rekodi ya mtu. Wananchi hawakutuletea watoto wao tuje kuwachungulia. Fundi anayetaka kujaribu kitu anajaribu kwa rekodi yake mwenyewe ya kuzaliwa. Ndiyo maana kila fundi hapa anaijua rekodi yake kama anavyoyajua meno yake.

Basi mwezi wa tatu, jaribio la kwanza la kuhama lilipokamilika, mwandishi wa wasifu huu aliufungua mstari wake kwa Babu, akaufungua kwa Mkwe, akaamuru kompyuta ihesabu herufi za kila sehemu pande zote mbili. Jina, sawa. Tarehe, sawa. Jina la mama, sawa. Jina la baba, Babu akasema herufi moja, Mkwe akasema sifuri. Kwenye skrini sehemu hiyo ilikuwa tupu kote kuwili, kama ilivyokuwa siku zote. Utupu huo mwandishi alishauzoea. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, akalelewa na bibi mzaa mama, na bibi alipoulizwa habari za baba alikuwa na kawaida ya kukumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaungua jikoni.

Akaenda kwa Mama Nakala kumpa taarifa kwa mzaha, kwamba Mkwe amemla baba yake, ingawa mzee mwenyewe hakuwa mkubwa, herufi moja tu. Mama Nakala hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu. Akauliza ni sehemu ipi hasa, akaonyeshwa. Akainuka, akaenda chumba cha seva, akauchomoa waya wa majaribio kwa mkono wake, akafunga mlango kwa ufunguo na kutia funguo zote mbili kwenye mfuko wa sweta.

Ikawa zogo. Viatu alikuja mbio akieleza kwamba hakuna hitilafu yoyote. Mkalimani wake alikuwa anafagia nafasi tupu zilizobaki mwishoni mwa maneno, takataka za makarani wa zamani waliogusa kitufe kwa bahati mbaya, na alishaondoa zaidi ya laki tatu. Alilisema hilo kwa fahari. Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa ratiba na anayo moja ukutani yenye rangi nne, akasema kazi ya mwaka mzima haiwezi kusimama kwa ajili ya kitu ambacho hata hakionekani. Akaitisha kikao palepale.

Mama Nakala aliomba mlango ufungwe. Akawagawia wote waliokuwemo fomu ya kiapo cha siri, nakala mbilimbili, akangoja mpaka kila mtu ametia saini. Halafu akatueleza.

Zamani, kabla ya kompyuta, msajili aliyekuwepo, ambaye sasa ni marehemu, aliona kwamba akina mama wanaoacha wazi jina la baba wako wa aina mbili. Yupo asiyejua. Na yupo anayejua lakini hathubutu kulitaja, kwa sababu likionekana kwenye cheti patachimbika. Huyu wa pili aliruhusiwa kuandika barua. Barua ilitiwa kwenye bahasha, ikapigwa lakiri, ikaandikwa namba ya mtoto na kufungiwa katika kabati la chuma la chumba cha chini, kungoja mtoto atimize miaka kumi na minane na aje mwenyewe kuomba nakala ya cheti chake. Asipoomba, haambiwi. Ofisi haimfuati mtu. Hiyo ndiyo ahadi waliyopewa akina mama, na wengi wasingeandika neno bila ahadi hiyo.

Kwenye daftari hapakutakiwa alama yoyote ya kuonekana, maana ndugu nao huja kupekua. Msajili akawa anatia nukta ndogo ya penseli. Zilipokuja kompyuta, nukta ikawa nafasi. Mama asiyejua, karani aliiacha sehemu bila kitu. Mama aliyeacha barua, karani aligonga kitufe cha nafasi mara moja kwa kidole gumba, basi. Kwenye karatasi haionekani. Kwenye skrini haionekani. Ila karani akipeleka kishale pale kinasogea hatua moja, naye anajua kwamba inabidi ashuke chumba cha chini.

Haikuandikwa popote. Makarani walinong'onezana, mmoja akimrithisha mwenzake, na mmoja mmoja wakastaafu mpaka akabaki yeye. Kwa miaka kumi iliyopita kila ombi la mtu mzima mwenye sehemu hiyo tupu limepitia mezani kwake kwa kile alichokiita uhakiki, na sisi tulidhani ni ukiritimba wake tu. Alikuwa amepanga kumnong'oneza mrithi wake wiki ya mwisho. Hakujua kwamba Viatu angefika kwanza na ufagio. Na kabati lenyewe lilishawekwa kwenye ratiba ya rangi nne, lipelekwe stoo kuu mwezi wa saba kwa kuwa sasa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Zile nafasi zingefutika, hakuna mtu ambaye angeshuka tena kule chini.

Kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea kabisa. Akasema kosa la Viatu analijua kwa sababu alishalifanya yeye. Mwaka wake wa pili wa kutunza hifadhidata, Ijumaa moja mchana, alitoa amri moja ya usafi na kuondoa nafasi zote za ziada kwenye jedwali zima. Alisahau. Yeye mwenyewe, aliyezigonga nyingi kwa kidole chake, alisahau. Nakala hakuwa nayo. Yeye na msajili walikaa wiki kumi na moja chumba cha chini, bahasha moja moja, wakizirudisha.

Wiki ya nne alikuja nesi, bado amevaa sare yake nyeupe, akaomba nakala ya cheti. Karani alipeleka kishale, hakikusogea. Nesi akapewa karatasi yake, akashukuru, akaondoka. Bahasha yake ilifikiwa wiki ya saba. Na sheria ni ileile, ofisi haimfuati mtu. Miaka ishirini na sita sasa, hajarudi. Bahasha ipo katika mtoto wa juu wa kabati, yaani droo ya juu kabisa, ya kwanza mbele, na Mama Nakala hushuka kuitazama. Akatafuta leso, akalowanisha ile moja, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hakuwa na ya pili. Viatu akampa yake.

Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameketi karibu na mlango, na karatasi ya majaribio bado iko mkononi. Babu moja, Mkwe sifuri.

Basi niache kujiita mwandishi wa wasifu huu, nimechoka. Ni mimi. Herufi ile moja ilikuwa yangu. Nilimtazama Mama Nakala, naye akatazama dirishani kama vile kuna kitu muhimu sana kinaendelea kwenye maegesho ya magari. Hakusema neno kwa kuwa sikuwa nimeomba. Hapo ndipo nilipozikumbuka fomu tisa. Nilitaka kulia, na nilitaka kumrushia kikombe, na nilijiona mjinga wa mwisho, maana miaka tisa yote mwanamke huyu alikuwa ananiambia kwa njia pekee iliyoruhusiwa, na mimi nawekea chai.

Kesho yake nilijaza fomu ya kumi. Nilidhani atanipokelea mezani kwake, meza zetu zinatazamana. Wapi! Alinitoa nje nikapange foleni kama wananchi wengine. Nilipewa namba arobaini na moja. Nilipofika kaunta alikuja mwenyewe, akalinganisha picha ya kitambulisho na uso wangu kwa muda mrefu, kama hajawahi kuniona, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa ambayo ameikatia keki mara tisa. Halafu akashuka chumba cha chini, akarudi na bahasha.

Pembeni mwa rekodi huwa pana namba ya karani aliyeandikisha. Niliiona miaka yote bila kuiuliza maana. Siku ile niliiuliza. Ilikuwa ya kaunta namba mbili, mwaka wake wa tatu kazini. Mama yangu aliketi mbele yake. Mimi ndimi niliyekuwa nalia.

Utaratibu ni kwamba anayepokea bahasha anatia saini daftarini, na jioni, kwa kufuata saini zilizomo, nafasi yake inafutwa kwenye rekodi, kwa kuwa chini hakuna tena kinachomngoja. Mama Nakala alifungua daftari, akanipa kalamu. Wakati huo Viatu akatokea na swali lake la dharura, Mama Nakala akageuka, nami nikalifunga daftari na kuondoka na bahasha bila kusaini. Mtu yeyote angeniuliza, ningesema nimesahau.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kumfunza mkalimani adabu upya, aguse kila kitu ila asiguse nafasi. Viatu aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alianza hata kuja amevaa raba, na korido ikapata amani. Mama Nakala naye alimsimamia kila mstari, akikataa, akirudisha, akidai nakala. Alikuwa amebakiwa na wiki chache na hofu yake moja aliisema waziwazi kila asubuhi, kwamba ataondoka na kuacha nyuma yake nesi wa pili.

Jumamosi ya tarehe 10 Juni, saa moja asubuhi, tukaifunga hazina na kuanza kuhama kweli. Ilipofika saa sita mchana data zote zilikuwa kwa Mkwe. Kilichobaki ni sharti la Mama Nakala, kwamba Babu ahesabiwe nafasi zake, Mkwe ahesabiwe zake, na kabati lihesabiwe bahasha kwa mkono, na hesabu tatu zilingane ndipo mlango ufunguliwe.

Babu, elfu mbili mia tatu na kumi na nane. Mkwe, elfu mbili mia tatu na kumi na nane. Tukapiga makofi. Kabati, elfu mbili mia tatu na kumi na saba.

Wakahesabu tena, sote tukiwa chumba cha chini tumekaa sakafuni kati ya watoto wa kabati. Kumi na saba. Wakahesabu mara ya tatu. Kumi na saba. Mkurugenzi akauliza, kwa upole, tumtendee haki, kama moja katika elfu mbili si kiwango kinachokubalika. Mama Nakala alimpa ile hapana ya kumi na moja, ambayo wengi wetu tulikuwa tumeisikia habari zake tu. Akasema tunarudi kwa Babu, kila kitu, leo hii, na yeye hastaafu mpaka bahasha hiyo ionekane, hata kama atakuja kazini na mkongojo. Alishaanza kupekua nyuma ya kabati.

Mimi nilikuwa naijua iliko tangu hesabu ya kwanza. Niliona aibu kusema, halafu kila walipohesabu aibu ikaongezeka. Mwisho nikafungua begi langu. Ilikuwa humo pamoja na chaja na soksi, haijafunguliwa, imekaa miezi mitatu.

Nikasema nilisahau kusaini. Mama Nakala akavua miwani yake. Basi nikasema ukweli, mbele za watu, mbele ya Mkurugenzi na Viatu na raba zake. Sikutaka kusaini kwa sababu nikisaini nafasi inafutwa. Mama yangu ameniachia picha moja, tena imekunjika usoni. Lakini pale kwenye mstari wangu aliacha kitu, na nilitaka kibaki.

Nilitegemea matusi, na yalikuja. Aliniita mtoto mpumbavu, akasema nimemhesabisha mzee bahasha elfu saba kasoro siku ya Jumamosi, akasema magoti yake nitayalipa mimi. Halafu akaketi kando yangu pale sakafuni. Akasema nafasi ile si ya mama yangu. Ni yake yeye, aliigonga yeye kwa kidole gumba chake, kumkumbusha yeye kwamba kuna kazi haijaisha. Cha mama yangu ni kile nilichokishika. Akasema siku ile mama alimwuliza mara tatu kama kweli mtoto atapewa, naye mara tatu akamwambia ndiyo, na kwamba amechoka kulibeba hilo ndiyo na angependa kulitua kabla ya tarehe 30.

Nikasaini.

Akapanda juu, akaketi mbele ya Mkwe, akaufungua mstari wangu. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kweli kufanyika kwenye hifadhidata mpya. Kufuta ni kitufe kingine na kidole kingine, lakini nilikitazama kile kidole gumba chake, kilikuwa kimelala pembeni, kimekunjwa. Akafuta. Kwa Babu pia akafuta, hesabu zilingane. Tukahesabu. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba. Mkurugenzi akaipaka ratiba yake rangi ya mwisho, Viatu akalia, na Jumatatu yake Mama Nakala alimzima Babu mwenyewe na kumpigapiga mgongoni.

Barua niliisoma. Yaliyomo hayawahusu, na wale wa kantini waache kuulizauliza. Ila niseme tu kwamba bibi alikuwa na sababu nzuri sana za kukimbilia jikoni.

Wanaohofu kwamba nimetoa siri ya ofisi kwenye kijitabu cha sherehe, watulie. Mama Nakala amesoma rasimu, akaipiga duara jekundu mara kumi na nne na kuiruhusu, kwa sababu alama si nafasi tena. Ilibadilishwa wiki iliyofuata. Sasa ni nini na iko wapi wanajua watu wanne, na kabati limefutwa kwenye ratiba ya kwenda stoo. Kidole gumba kile kinastaafu pamoja na mwenyewe.

Bahasha ya nesi imebaki mbele, mtoto wa juu. Atakuwa amepita miaka hamsini sasa. Akija tutaanza kwa kumwomba radhi, kisha tutampa. Na wewe unayesoma haya, kama kwenye cheti chako kuna sehemu tupu, ofisi haikufuati. Lakini fomu zipo, na keki hatutashindwa kutafuta.

Tunamshukuru fundi cherehani na mapacha kwa kutuazima mtu wao muda wote huu. Mama, asante. Asante ya ofisi iko hapo juu, hii ni yangu. Nenda kalale mchana, kazime feni za nyumbani kwako, kalivae lile gauni la pili, na uishi miaka mingi yenye raha na magoti mazima. Ulitufundisha kwamba kila kitu kiwe na nakala. Wewe tumekutafutia nakala jengo zima, hatujaiona.